Soko la miche Kaliua: Ukubwa wa kiriba ndio unaoamua faida

Mwenye kitalu anayejiandaa kwa msimu wa mvua wilayani Kaliua hufanya uamuzi wake mkubwa wa biashara mwezi Julai, miezi minne hivi kabla hajauza mche hata mmoja. Uamuzi huo ni wa ukubwa wa kiriba. Akishajaza udongo na kuotesha mbegu, gharama ya udongo, maji, nafasi na usafiri imekwisha kupangwa, na hakuna bei ya sokoni itakayoibadilisha.

Hata hivyo, viriba vingi hununuliwa bila hesabu. Wapo wanaochukua vidogo kwa kuwa ni rahisi, na wapo wanaochukua vikubwa kwa kuamini kwamba mteja hupenda kuona mfuko mnene. Makundi yote mawili hujikuta yameumia msimu ukifika mwisho: la kwanza kwa miche iliyokufa, la pili kwa miche iliyopona lakini haikurudisha mtaji.

WANUNUZI NI WA AINA TATU

Kaliua, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Urambo hadi ilipopewa hadhi ya wilaya mwaka 2012, ni nchi ya tumbaku ya mvuke. Tumbaku hiyo hukaushwa katika mabani kwa moto wa kuni, na kuni hizo kwa miaka mingi zimetoka katika misitu ya miombo. Kadiri misitu inavyorudi nyuma ndivyo mkulima anavyotembea mbali zaidi kutafuta kuni, na ndivyo vyama vya msingi na makampuni ya ununuzi yalivyozidi kumhimiza apande miti yake mwenyewe. Huyu ndiye mnunuzi wa kwanza. Anataka miche mingi, kwa bei ya chini, na anaitaka yote ndani ya wiki chache za mwanzo wa mvua.

Mnunuzi wa pili ni wa mjini na wa kwenye senta: mwenye nyumba, shule, zahanati, msikiti au kanisa. Anatafuta mwembe wa kubebesha, mchungwa, au mti wa kivuli. Idadi yake ni ndogo, lakini hulipa bei nzuri na huchagua mche mmoja mmoja kwa macho.

Wa tatu ni mchuuzi anayenunua kitaluni na kwenda kuuza kwingine. Kaliua ni njia panda ya reli: hapo ndipo tawi la Mpanda linapoiacha njia kuu iendayo Kigoma. Kwa mchuuzi huyu uzito wa mche una maana kuliko urefu wake, kwa sababu kila kilo anailipia nauli.

Mche wa tumbaku wenyewe hauingii katika hesabu hizi. Kwa desturi huoteshwa kwenye matuta ya kitalu na kung'olewa ukiwa na mizizi wazi. Kiriba ni habari ya miti na matunda.

HESABU YA MOJA, TATU, NANE

Kiriba hupimwa kikiwa kimelazwa bapa: upana kwanza, kisha urefu. Vipimo vitatu vinatosha kuonyesha mwenendo wa gharama: kidogo cha sentimita 10 kwa 15, cha kati cha 15 kwa 20, na kikubwa cha 20 kwa 30.

Kwa macho, kiriba kikubwa kinaonekana kuwa mara mbili ya kidogo. Macho hudanganya. Kikijazwa pomoni, kidogo hubeba udongo usiofika nusu lita, cha kati hubeba karibu lita moja na nusu, na kikubwa hukaribia lita nne. Uwiano wake ni moja, tatu, nane. Kitaluni udongo hupungua kidogo kwa sababu ya nafasi ya maji inayoachwa juu, lakini uwiano haubadiliki sana.

Kwa kipimo cha debe la lita 20, debe moja hujaza viriba vidogo 42, vya kati 14, au vikubwa 5 tu. Tuta la upana wa mita moja na urefu wa mita kumi hupokea viriba vidogo takriban 2,400, vya kati 1,100, na vikubwa 600.

Kwa usafiri, lita moja ya udongo wenye unyevu ikikadiriwa kuwa na uzito wa kilo moja na robo, guta linalobeba nusu tani litachukua miche zaidi ya 800 ya kiriba kidogo, miche 280 hivi ya kiriba cha kati, na miche 104 tu ya kiriba kikubwa.

Bei ya plastiki ndiyo inayowapoteza wengi. Kwa unene ule ule, plastiki ya kiriba cha kati ni mara mbili ya kidogo, na ya kikubwa ni mara nne. Mfanyabiashara anayelinganisha bei za viriba dukani huona tofauti ya moja, mbili, nne, akadhani ndiyo gharama yote. Udongo na usafiri vinamsubiri kwa moja, tatu, nane.

MFANO WA SHILINGI

Ili hesabu ieleweke, ichukuliwe kwa mfano tu kwamba debe la udongo uliokwisha kuchanganywa linagharimu Sh 500, na safari moja ya guta ni Sh 20,000. Udongo utagharimu Sh 12 kwa kiriba kidogo, Sh 36 kwa cha kati na Sh 96 kwa kikubwa. Usafiri utakuwa Sh 24, Sh 72 na Sh 192. Jumla ya vitu hivyo viwili ni Sh 36, Sh 108 na Sh 288 kwa mche.

Sasa ichukuliwe kwamba mche wa kuni unauzwa Sh 300. Aliyeuotesha katika kiriba kikubwa amebakiwa na Sh 12 za kulipia mbegu, plastiki, maji, kibarua na miche iliyokufa. Hapo hakuna biashara.

Katika kiriba cha kati hesabu inahitaji uangalifu zaidi. Kwa miche 10,000, kiriba cha kati kinaongeza gharama ya Sh 720,000 juu ya kile kidogo. Kwa bei ya Sh 300 hiyo ni thamani ya miche 2,400. Maana yake ni kwamba kiriba cha kati kingepaswa kuokoa karibu robo ya kitalu kizima ili kurudisha tofauti yake. Mwenye kitalu anayemwagilia kwa wakati na kuuza kwa wakati hapotezi robo ya miche kwa sababu ya udogo wa kiriba.

Kwa mwembe wa kubebesha hesabu inageuka juu chini. Ukiuzwa kwa mfano Sh 3,000, gharama ya Sh 288 haifiki hata sehemu moja ya kumi ya bei. Anayetumia kiriba kidogo ataokoa Sh 25,200 kwa miche 100. Miche 9 ikifa au kukataliwa na wateja, akiba yote imekwenda na zaidi. Na mwembe unaokaa karibu mwaka mzima ndani ya nusu lita ya udongo hautaishia kuua tisa.

Bei za kweli hutofautiana kijiji na kijiji, na mwaka hadi mwaka. Kila mwenye kitalu aweke za kwake katika mfano huu. Jibu la mwelekeo litakuwa lile lile: kiriba kifuate bei ya mche na muda wake kitaluni.

UTAFITI UNASEMAJE

Kwamba mmea hukua zaidi katika chombo kikubwa ni jambo linalojulikana. Swali la mfanyabiashara ni kiasi gani zaidi. Mwaka 2012 mtafiti Hendrik Poorter na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 65 zilizolinganisha ukubwa wa vyombo vya kuoteshea mimea ya aina mbalimbali. Walikuta kwamba, kwa wastani, kuongeza ujazo wa chombo mara mbili huongeza uzito wa mmea kwa asilimia 43.

Takwimu hiyo ina sura mbili. Kwanza, inathibitisha kwamba kiriba kidogo hubana mche kweli. Pili, inaonyesha kwamba faida yake hupungua kadiri udongo unavyoongezwa: gharama ya udongo na usafiri inapanda kwa asilimia 100, mche unapanda kwa asilimia 43. Kama mnunuzi halipi zaidi kwa ajili ya unene huo, tofauti inatoka mfukoni mwa mwenye kitalu.

Upande wa pili wa dunia upo mfano wa mikaratusi ya Brazil, ambayo makampuni makubwa huiotesha katika vifuko vya plastiki ngumu vyenye udongo usiofika hata mililita 100. Inawezekana kwa sababu maji na mbolea hutolewa kwa ratiba isiyokosea, na mche hutoka siku uliyopangiwa kutoka. Kitalu cha Kaliua kinachotegemea kisima na ndoo, na kinachomsubiri mteja alipwe kwanza fedha zake za mazao, hakina ulinzi huo. Udongo wa ziada ndani ya kiriba ni bima ya siku ambayo maji yamekosekana au mvua imechelewa. Kama ilivyo bima yoyote, inafaa kununuliwa kwa kiasi.

MIZIZI NDIYO MALI

Mche unaokaa muda mrefu katika kiriba kidogo hauachi kukua. Mizizi hufika ukingoni, hukosa pa kwenda, ikaanza kujiviringa. Mti uliopandwa ukiwa na mizizi ya namna hiyo unaweza kupona na hata kunawiri mwaka wa kwanza, kisha ukadumaa au kuangushwa na upepo baada ya miaka kadhaa. Mnunuzi anakuwa amekwisha kulipa kuni alizotarajia na ardhi aliyoitenga.

Kiriba kikubwa mno nacho kina madhara yake. Mche mchanga hauwezi kunywa maji ya lita nne za udongo. Udongo usio na mizizi hubaki umelowa, hewa inapungua, na mizizi huoza. Magugu nayo hupata uwanja mpana zaidi wa kuota, na kila ndoo ya maji inamwagilia udongo mtupu.

Kanuni inayotumika vitaluni ni kwamba urefu wa shina usizidi mara mbili ya kina cha kiriba. Kwa kiriba cha sentimita 15, mche utoke ukiwa na sentimita 30. Cha sentimita 20 kinaruhusu 40, na cha 30 kinaruhusu 60. Mche uliopita hapo unahitaji kuuzwa, kuhamishiwa kiriba kingine, au kuondolewa.

Njia rahisi ya kurefusha uhai wa mche katika kiriba kidogo ni kunyanyua viriba kila baada ya wiki mbili au tatu na kukata mizizi inayochungulia chini. Kazi hiyo ina gharama ya kibarua, lakini ni nafuu kuliko kubadilisha viriba.

Aina ya udongo nayo haisamehe. Sehemu kubwa ya udongo wa Tabora ni wa kichanga. Ukijazwa peke yake, hubomoka mara plastiki inapochanwa, mizizi ikabaki wazi juani. Kiriba kikubwa chenye kichanga kitupu kinamwaga udongo mwingi zaidi, basi. Mchanganyiko wa udongo wa juu wa msituni, samadi iliyooza na mchanga kidogo hushikamana vizuri, na wapo wanaoongeza udongo wa kichuguu kwa ajili hiyo hiyo.

KILA MTI NA KIRIBA CHAKE

Miti ya kuni kama mikaratusi na mikesia hufikia kimo cha kupandwa kwa muda wa miezi mitatu hadi minne. Kiriba kidogo kinaitosha. Miongoni mwa mikesia, ule wa jamii ya Acacia crassicarpa, wenye asili ya Australia na Papua New Guinea, ulifanyiwa majaribio mengi Tabora kupitia kituo cha utafiti cha Tumbi na ukaonekana kutoa kuni katika miaka mitano hivi. Kwa mkulima wa tumbaku mti huo ni uwekezaji wenye tarehe ya kulipa, na ndiyo sababu hana haja ya kulipia mfuko mnene. Mkaratusi una adui mwingine, mchwa, ambaye hazuiliwi na ukubwa wa kiriba.

Mpapai hukaa kitaluni miezi miwili tu hivi, lakini mizizi yake huchukia kusumbuliwa. Kiriba kidogo kinaufaa mradi udongo ushikamane na mche utoke kwa wakati.

Mwembe huanza na mbegu zinazopatikana wakati wa maembe, mwishoni na mwanzoni mwa mwaka. Shina la chini husubiriwa linenepe kufikia kiasi cha penseli ndipo libebeshwe, na mche huuzwa mvua za msimu unaofuata. Ni safari ya miezi 10 hadi 12. Hapa kiriba kikubwa kinastahili bei yake, na plastiki iwe nene ili isichanike kwa jua kabla ya mauzo. Miembe ya kale iliyobaki Tabora na Ujiji, ambayo wenyeji huihusisha na misafara ya karne ya 19, ni ya mbegu, na mti uliootea pale pale uliposimama mizizi yake haikujua ukuta wa plastiki. Ndiyo maana wanaotaka miembe ya kivuli tu bado huchimbia kokwa moja kwa moja shambani bila kununua mche.

Mninga ni somo la peke yake. Bei ya mbao zake huwavutia wengi kudhani miche yake ni dhahabu. Lakini mti huu hutanguliza mzizi mkuu unaoshuka sana, na shina lake changa hukauka kila kiangazi na kuchipua tena, kwa miaka kadhaa, kabla halijaanza kupanda juu. Hakuna kiriba cha bei ya kawaida kinachoweza kuubeba muda wote huo. Mwekezaji mdogo auache katika msitu wa asili na kuulinda hapo.

KALENDA INA NGUVU KULIKO BANGO

Mvua za Kaliua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mche uliopandwa Desemba una miezi minne ya kushusha mizizi kabla ya kiangazi. Uliopandwa mwishoni mwa Machi una wiki chache tu. Siku ya Misitu Duniani huadhimishwa Machi 21, na oda za sherehe na taasisi huja karibu na siku hiyo. Mwenye kitalu anayezitegemea anakuwa ameiweka miche ya Julai hadi mwezi wa tisa ndani ya nusu lita ya udongo. Anayezitaka oda hizo aoteshe fungu la pili mwezi Novemba, au atenge fungu dogo katika viriba vya kati tangu mwanzo.

Swali gumu zaidi ni la mabaki. Miche isiyouzwa hadi mvua zinakatika ina njia tatu. Kuibakiza katika kiriba kile kile ni kuuza mizizi iliyojisokota mwaka unaofuata, na mteja atakayeumizwa harudi. Kuihamishia viriba vikubwa ni kulipa gharama ya nane juu ya moja iliyokwisha kulipwa, pamoja na maji ya kiangazi kizima. Inafaa kwa miti ya matunda na kivuli pekee. Njia ya tatu ni kuishusha bei mwezi Februari, mvua zikiwa bado zipo, na kuikubali hasara ndogo.

MNUNUZI AKAGUE NINI

Kwa mchuuzi na mkulima, mfuko mnene usiwe kipimo cha thamani. Upo mchezo wa kuchukua mche wa kiriba kidogo, kuuhamishia kikubwa siku chache kabla ya soko, na kudai bei ya kikubwa. Dawa yake ni kuomba kiriba kimoja kichanwe. Mizizi iliyoenea hadi ukingoni na kushika udongo ni ya mche halali. Kifundo kidogo cha mizizi katikati ya udongo mlegevu ni cha mche uliohamishwa juzi.

Kiriba kinyanyuliwe. Kikigoma kutoka ardhini, mzizi mkuu umetoboa na kuzama, na utakatika siku ya kubeba. Shina liwe nene na gumu chini. Mche mrefu, mwembamba na unaoinama umebanwa au umenyimwa jua. Mizizi inayozunguka ukuta wa plastiki kama kamba ni sababu ya kuukataa mche hata ukiwa na majani ya kupendeza.

Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu huchukua miche 450. Kukagua miche mitano kabla ya kulipia 450 ni kazi ya robo saa.

MWELEKEO

Wilaya hii na jirani yake Urambo zina kumbukumbu ya mtaji uliotangulia vipimo. Urambo ilikuwa mojawapo ya maeneo ya mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Mashine zilifika kabla ya udongo na mvua kupimwa ipasavyo. Kitalu cha miche elfu tano ni kitu kidogo mbele ya mpango huo, lakini fedha zake ni za mtu mmoja, na hakuna hazina ya kumfidia.

Soko la miche ya kuni litaendelea kuwapo maadamu mabani yanawaka kwa kuni, na litaendelea kuwa soko la bei ya chini na wingi. Humo kiriba cha 10 kwa 15 kinabaki kuwa chaguo la faida kwa anayeuza kabla ya Januari kwisha. Kiriba cha kati kinafaa kwa fungu la akiba na miti ya kivuli. Kikubwa kiwe cha mwembe wa kubebesha na wenzake wenye bei, na idadi yake ilingane na wateja waliokwisha kutoa ahadi au, bora zaidi, malipo ya awali.

Marufuku ya Juni 1, 2019 ilihusu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na viriba vimeendelea kuwapo. Hata hivyo mwenye kitalu anayekusanya viriba vilivyotumika shambani kwa mteja wake hujijengea jina, na jina hilo ndilo linaloleta oda ya Julai ijayo.